Uliza Mwalimu Kete: Chesi ya mtandaoni, bando na visingizio

Mwezi uliopita niliandika juu ya bao, na mwishoni nikadokeza kwamba jioni zangu siku hizi nazigawa: nusu barazani Ngamiani kwa bao la kete, nusu kitandani na simu kwa chesi. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, na karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: huko mtandaoni nicheze wapi, nijifunze wapi, na itanigharimu nini? Nimechagua tano. Wa pwani mnaoita sataranji mnisamehe, nimeandika chesi kwa sababu ndivyo walivyoandika wengi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Ifakara, nina miaka 24. Chesi nilifundishwa na mpangaji mwenzangu, sasa kahama na ubao kaondoka nao. Simu yangu ni ya bei rahisi na bando nanunua la kubahatisha. Kuna mahali pa kucheza bure? Na mtandao ukikata katikati ya mchezo inakuwaje? – Fundi J., Ifakara

Marahaba, Fundi. Pole kwa kuhamiwa na ubao. Mimi nilianza mwaka 1983 chuoni Morogoro kwa ubao wa mwenzangu wa bweni, umekosa farasi mmoja mweusi, tukaweka kizibo cha soda mahali pake. Mpaka leo nikiona kizibo chini nahisi kinaruka.

Mahali papo, na pakubwa ni pawili. Pa kwanza ni Lichess. Ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa mmoja mtengeneza programu, Thibault Duplessis, na inaendeshwa kwa michango ya watu. Haina tangazo hata moja, haina chumba cha waliolipa na chumba cha wasiolipa. Anayechangia huwekewa alama ya bawa kando ya jina lake, basi. Pa pili ni Chess.com, iliyoanza 2007, ambayo Desemba 2022 ilitimiza wanachama milioni 100. Kucheza kule pia ni bure, ila kuna matangazo, na mafumbo pamoja na uchambuzi wa michezo yako unapewa kwa kipimo kila siku. Ukitaka zaidi unalipia. Nina akaunti kote kuwili. Kwa mfuko wako ulivyoueleza, anza Lichess.

Bando lisikutishe. Kinachosafiri kwenye mchezo wa chesi ni taarifa fupi tu kwamba kete imetoka mraba huu imekwenda mraba ule. Mchezo wa dakika ishirini unakula kidogo kuliko video moja ya harusi uliyotumiwa kwenye kundi la ukoo. Kinachomaliza bando ni video za mafunzo, na hizo nitazisema kwenye barua ya tatu.

Mtandao ukikata, saa yako inaendelea kuhesabu. Mpinzani akiona umetoweka, baada ya muda mfupi anaruhusiwa kudai ushindi, na wengi hudai bila huruma. Kwa hiyo ninachokushauri wewe hasa ni mchezo wa siku kwa hatua. Unachagua mwenyewe: siku moja, tatu, hadi kumi na nne kwa kila hatua. Ni ule mchezo wa zamani wa kutumiana kadi za posta, umehamia kwenye simu. Unafunga spoku za mteja, unanawa mikono, unafungua simu, unasogeza farasi, unarudi kazini. Mimi nina michezo sita ya namna hiyo inayokwenda hivi sasa, na mmoja una wiki tano. Mtandao ukipotea mchana kutwa hakuna anayekufukuza.

Na siku bando limeisha kabisa, programu ya Lichess kwenye simu inakuruhusu kucheza na mashine bila intaneti. Ina ngazi nane. Anza ya kwanza, usione haya, hakuna anayekutazama.

Jambo moja la kukuandaa. Ukijiunga utapewa alama 1500 zenye kiulizo mbele yake. Alama hizo ndizo wengine wanaziita retingi, kipimo cha nguvu yako. Kiulizo maana yake bado hawakujui. Utaporomoka. Mimi niliporomoka hadi mia kumi na moja na kitu kabla sijatulia, na siku ile nilimwambia mke wangu kwamba mashine imeharibika.

Mwalimu, habari za kazi. Mwanangu wa kike yuko darasa la nne, anapenda chesi kuliko katuni. Naogopa kumwachia simu kwa sababu ya watu wasiojulikana kumwandikia. Baba yake anasema tulipie mwalimu wa mtandaoni. Ushauri wako? – Mama Neema, Mwanza

Nzuri, Mama Neema. Hofu yako ni ya haki, na dawa yake ipo. Kwenye mipangilio ya akaunti ya Lichess kuna hali ya mtoto. Ukiiwasha, mazungumzo na ujumbe vyote vinafichwa, hatumiwi wala hatumi, anabaki na ubao. Fungua akaunti wewe, nywila ikae kwako, na jina la akaunti lisiwe jina lake la shule. Wenye Chess.com nao wana tovuti ya watoto peke yake, ChessKid, yenye rangi na vikaragosi vingi. Mjukuu wangu anaipenda, mimi inaniumiza kichwa.

Mwalimu wa kulipia, mwambie baba yake asubiri. Ndani ya Lichess kuna sehemu ya kujifunza inayoanza na jinsi ngome inavyotembea, mtoto anakusanya nyota mraba kwa mraba mpaka anafika kwenye chekimeti, pale mfalme anapokosa pa kukimbilia. Akiimaliza yote na bado anawaamsha Jumamosi alfajiri, hapo zungumzeni habari ya mwalimu.

Ila mnunulie ubao. Ukishindwa, chora miraba 64 kwenye boksi na mtumie vizibo. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, hakuanza na skrini. Alianza kwenye mradi wa kocha Robert Katende, ambako watoto walikuwa wakija kwa ajili ya kikombe cha uji, kisha wanakalishwa mbele ya ubao. Mwaka 2010 binti huyo alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi. Mtoto akicheza kwenye simu tu, vidole vinakuwa vyepesi kuliko macho. Akishika kete, anachelewa kidogo, na kule kuchelewa ndiko kufikiri kwenyewe. Cheza naye, Mama Neema, hata kama hujui. Atafurahi kukufunga.

Sasa Mwalimu. Niko Kakamega, nafanya zamu ya usiku mapokezi ya lojing'i. Kukiwa kimya nacheza mechi za dakika tatu, hata ishirini kwa usiku mmoja. Mwaka mzima retingi imekwama kwa 1100. Nimetazama video hadi macho yanawasha. Rafiki ananiambia ninunue kozi ya ufunguzi, zile hatua za kwanza za mchezo. Ninunue? – Mlinzi wa Funguo, Kakamega

Usinunue. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ni kama niliiandika mwenyewe.

Nilipoingia mtandaoni mara ya kwanza, ilikuwa kwenye duka la intaneti karibu na stendi, unalipia nusu saa. Kwa kuwa nusu saa ni fedha, nilicheza mbiombio nipate michezo mingi. Nilikuwa na nyeusi. Mpinzani akasogeza askari wa mfalme miraba miwili, nami hivyo hivyo. Farasi wake f3, wangu c6 (herufi na namba ni jina la mraba). Askofu wake c4, farasi wangu wa pili f6. Akarusha farasi hadi g5, wote wawili, yeye na askofu wake, wanaikodolea f7 yangu. Nikazuia kwa askari d5. Akala. Nami nikala kwa farasi, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Hapo farasi wake akaingia f7 bila hodi, akamshika malkia na ngome kwa mpigo mmoja. Mfalme wangu akamla, malkia wake akatoka f3 na cheki, mfalme akapanda e6 kumlinda farasi, na kuanzia pale akawa anatembea katikati ya ubao kama mlevi sokoni. Nikafungwa.

Sasa sikiliza, kosa langu halikuwa hilo. Kosa ni kwamba nilifungwa hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mara nne ndani ya wiki moja! Nusu saa yangu ilikuwa inakwisha, nani ana muda wa kurudi nyuma kutazama? Nilikuwa nalipia kufundishwa somo moja, nami natoka darasani kabla ya kengele.

Wewe unafungwa mara kumi kwa usiku na huzioni. Kwa hiyo fanya hivi mwezi mmoja. Mechi za dakika tatu ziache. Cheza mchezo mmoja, au miwili usiku ukiwa mrefu, wa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Mgeni akigonga mlango, muhudumie, zile sekunde zitakusaidia. Ukimaliza usibonyeze kitufe cha uchambuzi. Chukua daftari la wageni, ukurasa wa nyuma kabisa, uandike ni wapi ulichanganyikiwa na ulifikiri nini. Maneno yako mwenyewe, hata kama ni «hapa niliogopa». Kisha ndipo uifungue mashine.

Mashine yenyewe, au injini kama wanavyoiita, ni Stockfish. Imejengwa na watu wa kujitolea, msimbo wake uko wazi, na hakuna binadamu anayeiweza. Lichess wanakuchambulia mchezo mzima kwa kompyuta zao bila malipo, ukiomba. Omba hiyo, usiiwashe kwenye simu yako mwenyewe. Simu itachemka kama pasi na betri itakufa kabla ya saa tisa. Matokeo yakija kuna kitufe cha kujifunza kutokana na makosa: kinakurudisha pale ulipoharibu na kukutaka utafute hatua bora mwenyewe. Hicho kitufe kina thamani kuliko kozi aliyokuambia rafiki yako. Linganisha na daftari. Pale ulipoandika uliogopa, mashine ilikuwa haioni cha kuogopa. Na pale ulipokuwa umetulia kabisa, ndipo ulipokuwa umeshakufa. Mimi mpaka leo yananipata yote mawili, hasa la pili.

Halafu kuna kivinjari cha ufunguzi, pembeni mwa ubao wa uchambuzi. Kina hazina ya michezo ya mabingwa, hazina ya wachezaji wa Lichess wenyewe, na hata michezo yako wewe peke yako. Nilipoipeleka ile aibu yangu ya f7 huko, ilinichukua dakika mbili kuona kwamba mabingwa hapo hawali d5 kwa farasi. Wanampeleka farasi wa c6 pembeni, a5, amfukuze askofu. Miaka ile yote jibu lilikuwa hatua moja, bure, na linaonekana kwa yeyote. Kozi ya ufunguzi niliwahi kununua baadaye, ndiyo. Nilikariri hatua kumi na mbili; wapinzani wangu wa kiwango chetu wakawa wanatoka nje ya kozi kwenye hatua ya nne. Hawakuwa wameisoma.

Mafumbo: yako mamilioni, yametolewa kwenye michezo ya kweli, na unaweza kuchagua kwa mada, siku hii farasi kushika wawili, siku ile kete iliyobanwa mbele ya mfalme. Fanya kumi polepole. Ukikosa, usikimbilie la pili, kaa nalo. Yale mashindano ya mafumbo ya mbio ni matamu, lakini ni karanga, si ugali.

Video sasa. Hukosei kutazama, unakosea kutazama umelala. Mkroatia anayejiita agadmator anasimulia michezo ya zamani kama babu anavyosimulia safari. Utafurahi, utajifunza kidogo. Levy Rozman wa GothamChess anapiga kelele na kuchekesha, nami namtazama nikiwa nimefungwa vibaya. Lakini kwa mtu wa 1100 mtafute Daniel Naroditsky. Alikuwa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, Mmarekani, alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 29, na mafunzo yake yamebaki. Anaanza na akaunti ya alama za chini, anapanda ngazi akicheza na watu kama mimi na wewe, na kila hatua anasema kwa sauti anawaza nini. Simamisha video kabla hajasogeza. Sema wewe ungecheza nini. Kisha endelea. Sehemu moja kwa juma inakutosha, na bando litakushukuru.

Niandikie baada ya mwezi. Usinitumie retingi, nitumie ule ukurasa wa nyuma.

Mwalimu, nisaidie. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma. Akaunti yangu imefungwa kwa madai ya udanganyifu. Ni kweli nilifungua injini pembeni, ila mara mbili tatu tu, nilipokuwa nashindwa na mtu mwenye kiburi. Wamejuaje? Na nifungue nyingine? – Asiyetaka jina, Dodoma

Mwanangu, «mara mbili tatu tu» ndiyo idadi wanayotaja wote.

Wamejuaje: hatua zako zinalinganishwa na za injini, pamoja na muda unaotumia. Binadamu hatua rahisi huicheza haraka, ngumu huilalia. Anayekopi hutumia sekunde nane kwa ngumu na sekunde nane kwa rahisi, maana anasubiri mashine, hawazi. Kumbuka Kasparov, akiwa bingwa wa dunia, alifungwa na kompyuta ya Deep Blue mjini New York Mei 1997. Injini iliyo kwenye simu yako leo ina nguvu kuliko ile iliyokuwa kabati zima. Ukicheza kama hiyo ghafla, kila mtu anaona.

Usifungue nyingine kimyakimya. Hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza. Waandikie rufaa, kiri bila hadithi ya binamu aliyeazima simu, subiri watakalosema. Na kwa faida ya wengine wanaosoma: kwenye ile michezo ya siku kwa hatua niliyomshauri Fundi, kutazama vitabu na kivinjari cha ufunguzi kunaruhusiwa, Lichess na Chess.com pia. Injini hairuhusiwi huku wala kule. Yule mwenye kiburi alistahili kukushinda, samahani.

Assalamu alaykum. Mwalimu, nimekusoma miaka mingi juu ya bao na nimekuheshimu. Sasa unatuletea michezo ya kizungu ya kwenye simu? Hata hivyo nitakuuliza, maana nilijua kucheza ujanani: mtu anayetaka kutazama michezo ya mabingwa wa zamani, kwa utulivu, bila kushindana na vijana, aende wapi? – Mzee wa Wete, Pemba

Wa alaykum salaam, mzee mwenzangu. Nimeupokea ugomvi wako kwa mikono miwili.

Ya kizungu? Jina sataranji lenyewe linakukana. Mchezo ulitoka India, Wahindi wakiuita chaturanga. Waajemi wakauchukua na kusema chatrang, Waarabu wakaupokea kutoka kwao na kusema shatranj, na huku kwetu jina likaja kwa bahari kama lilivyokuja neno karafuu. Ulaya walikuwa kituo cha baadaye. Hata chekimeti ni shah mat ya Kiajemi iliyopotea njia ikapitia kwao.

Ulichouliza kina jibu zuri. Ndani ya Lichess kuna sehemu iitwayo Study, ambako watu hupanga michezo maarufu kwa sura, na maelezo kando ya kila hatua. Unapitisha kwa kidole, unarudi, unatazama, hakuna saa. Tafuta Capablanca wa Cuba uone mtu anavyoshinda bila kupaza sauti. Iko pia chessgames.com, ambako kila mchezo wa zamani una watu wanaojadiliana chini yake kama barazani, mmoja akisifu, mwingine akibisha. Na ukitaka kujua kilichochezwa juma hili, Mwingereza mmoja, Mark Crowther, amekuwa akikusanya michezo ya mashindano kila wiki tangu 1994 katika The Week in Chess, na unaipakua bure. Mafaili yake yako katika muundo wa PGN, maandishi matupu, mepesi. Mchezo unaoutaka ukiunakili na kuubandika Lichess, unafunguka. Kama macho yanasumbua, ukubwa wa ubao unaongezeka, na rangi ibadilishe: kahawia ndiyo inayofanana na mbao.

Ila kuhusu vijana sikukubalii. Wako wazee wengi humo, na mchezo wa siku tatu kwa hatua hauna mbio. Bao lina kete 64, ubao wa chesi una miraba 64. Sijui kama hilo lina maana yoyote, lakini nalipenda. Mwandikie mhariri jina utakalojiunga nalo, atanipa. Wewe chukua nyeupe, mimi nitacheza nyeusi, na ukianza na farasi na askofu kuikodolea f7, safari hii najua pa kwenda.